Shajara ya mradi: kulitafuta ua ndani ya Bai Mudan, Arusha

18 Januari 2025: Lengo na vifaa

Ninayo chai nyeupe ya Kichina, aina ya Bai Mudan, iliyotoka Fuding katika jimbo la Fujian. Kila anayeisifu husema inanukia maua. Ya kwangu, nilipoitengeneza hapa Arusha, ilinukia maji ya moto. Shajara hii ni ya kutafuta hilo ua lilikojificha, na nitaandika fedha zilizotoka mfukoni pia, ili anayetaka kufuata aanzie nilipofika.

Kwa asiyeijua: inatoka kwenye mmea uleule wa chai ya Lushoto, Mufindi na Kericho. Tofauti huanza baada ya kuchumwa. Majani hayasagwi, hayasokotwi, hayakaangwi. Hutandazwa kwenye nyungo za mianzi yanyauke taratibu, mara nyingi kwa saa 36 hadi 72, kisha hukaushwa kwa moto mdogo. Baihao Yinzhen ni vichipukizi vitupu vilivyojaa malaika meupe, yaani vinyweleo laini. Bai Mudan ni kichipukizi pamoja na jani moja au mawili. Chini yake zipo Gongmei na Shoumei, zenye majani mengi na vichipukizi vichache. Mudan ni jina la ua, lakini hakuna ua lililotiwa humo. Kama harufu ipo, imetoka kwenye jani lenyewe. Nimeiacha Yinzhen kwa sababu ya bei, na pia kwa sababu kichipukizi peke yake ni chai ya upole mno kwa pua inayoanza kujifunza.

Gramu 100 zimegharimu yuan 120, kama shilingi 42,000, zikaletwa na rafiki anayefuata mzigo Guangzhou. Amenichukulia na gaiwan, yaani kibakuli cha kaure chenye mfuniko na kisahani, mililita 110, kwa 9,000. Mizani ya sonara 22,000. Kipimajoto cha jikoni 15,000. Birika la umeme na finjani za kahawa zilikuwepo.

Kabla ya hapo 28,000 zilikuwa zimepotea kwenye kopo la «chai nyeupe ya maua» kutoka duka moja la mjini. Ulipolifungua, harufu ilijaa chumba. Ukitia maji mara moja imekwisha, na juu ya kikombe unabaki utando wa mafuta. Hiyo ilinyunyiziwa manukato. Chai yenye harufu yake haipigi kelele ikiwa kavu; huamka ikiguswa na joto.

2 Februari 2025: Maji ya bomba yanaiua

Nimeanza na kipimo cha waonjaji wa Kichina, kwa kuwa hakibembelezi chai: gramu 3 kwa mililita 150, maji yaliyochemka, dakika tano. Kwa kipimo hiki kasoro zote hujitokeza.

Zilizojitokeza si za chai. Rangi ilikuwa ya kahawia hafifu, wakati picha zote za Bai Mudan zinaonyesha manjano ya majani makavu. Harufu hakuna. Mdomoni chapwa, na mwishoni kitu kama sabuni. Nikapunguza muda, rangi ikabaki ileile. Nikaongeza majani, chapwa ikawa chapwa nzito. Nikashusha joto, ikawa chapwa ya vuguvugu. Nusu ya mwezi imekwenda hivyo, na nilikuwa nimekwisha anza kumshuku aliyemuuzia rafiki yangu.

Kilichofungua njia ni safari ya kikazi Moshi. Nilibeba majani kidogo, nikayatengeneza kwa maji ya chupa niliyoyakuta hotelini, na rangi ikatoka ya manjano. Chai ileile, mkono uleule.

Niliporudi nikanunua kipimo cha chumvi za maji, 18,000. Maji ya bomba ya kwangu yanasoma miligramu 430 kwa lita. Mwenyeji wa Arusha hashangai. Maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, na yanabeba baikaboneti ya sodiamu pamoja na floraidi. Floraidi ndiyo inayozungumzwa, kwa sababu ya meno ya watoto wetu. Hata kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilianzishwa kwa ajili ya kuiondoa, kwa mkaa wa mifupa. Lakini floraidi haina rangi kwenye kikombe wala haiui harufu. Mshukiwa wangu ni baikaboneti.

16 Februari 2025: Jaribio la magadi

Yeyote anaweza kulirudia hili jikoni kwa shilingi mia mbili. Chukua maji ya chupa mepesi (ya kwangu yalisoma 65), yagawe kwenye vyombo viwili. Kimoja kiache. Kingine tia magadi, yenye baikaboneti ileile ninayoishuku, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu kwa lita nzima, koroga mpaka yayeyuke. Chemsha vyote, tengeneza chai kwa kipimo kimoja.

Chombo cha magadi kilitoa chai ya bomba langu kama ilivyo: kahawia, sabuni, bubu. Kile kingine kilikuwa cha manjano, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwenye mfuniko kitu kitamu ambacho sikuweza kukitaja.

Sababu yake ni hii. Polifenoli za chai, yaani viambato vinavyoipa rangi na ukakasi, zikiwa kwenye maji yenye ualikali (kinyume cha uchachu) huoksidika upesi, na rangi hugeuka. Baikaboneti ikichemshwa hupoteza hewa ya ukaa na kuelekea kuwa kaboneti, kwa hiyo kadiri birika linavyotokota ndivyo maji yanavyozidi ualikali. Mimi nilikuwa nayachemsha kwa muda mrefu kwa nia njema ya kuyasafisha, na ndivyo nilivyokuwa nikiongeza tatizo. Wala kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua, inakolea.

Nilijaribu pia kuiokoa chai ya bomba kwa matone ya limau. Rangi ilipauka papo hapo, ikawa nzuri hata ya kupiga picha. Harufu haikurudi. Usijidanganye kwa rangi.

Tahadhari ya maji ya chupa: si yote mepesi. Aina moja ya hapahapa, chupa nzuri yenye picha ya mlima, ilisoma 210, na lebo yake inaonyesha karibu yote ni baikaboneti. Chai yake ilikuwa ndugu mdogo wa chai ya bomba. Soma lebo, tafuta namba ndogo kwenye mstari wa baikaboneti. Maji ya chupa mpaka leo yamekula 24,000 kwa jumla, hesabu ambayo naijazia kila nikirudi kwenye ukurasa huu.

9 Machi 2025: Joto, muda, na Ramadhani

Mfungo umeingia, kuonja kumehamia usiku. Nilidhani saa nzuri ni mara baada ya adhana ya magharibi, pua ikiwa imepumzika mchana kutwa. Pua kweli ilikuwa kali. Ulimi ndio ulioharibika, maana tende ikishapita, utamu mwembamba wa chai nyeupe hauonekani tena. Baada ya futari ndiyo usiseme. Saa iliyofaa ni kabla ya daku, tumbo tupu, nyumba kimya, bila udi wala harufu ya jikoni. Asiyefunga achukue saa ya asubuhi kabla ya kunywa chai ya maziwa.

Sasa joto. Pakiti inashauri nyuzi 75 hadi 80. Kwa nyuzi 75 chai ni tamu, laini, na haina la kusema. Nyuzi 85, mfuniko unaanza kunukia. Kwa maji yanayochemka ndipo harufu inapopanda kweli, na hii inakwenda kinyume na tulivyoaminishwa kwamba chai nyeupe inaungua. Jani lake halikusokotwa, seli zake nyingi ni nzima, na malaika yale yanazuia maji kupenya. Linahitaji joto ili liachie. Kinacholeta ukakasi ni kulisahau humo. Kwa hiyo: gramu 5 kwenye gaiwan ya mililita 110, maji yaliyochemka, sekunde 20 tu, mimina yote. Mara ya pili sekunde 20, ya tatu 30, halafu ongeza polepole. Majani hayohayo huvumilia kutiwa maji mara sita au saba.

Ila «maji yanayochemka» ya Arusha si ya Tanga. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza kiwango cha mchemko kwa karibu nyuzi moja. Hapa, kwenye mita 1,400 hivi, kipimajoto changu kinagota 95 na hakipandi. Nairobi ni kama 94. Aliye pwani atapata 100 kamili, basi afunue birika asubiri dakika moja au mbili kabla ya kumimina.

Gaiwan inaunguza vidole kwa anayeanza. Usiijaze hadi ukingoni, shika ukingo wa juu unaopinduka nje, mfuniko uuelekeze pembeni kidogo. Kipande cha kitambaa si aibu.

23 Machi 2025: Maji ya mvua

Mvua zimeanza, nami nimeona kununua maji ya chupa kwa ajili ya chai ni ubadhirifu wakati mengine yanaanguka bure. Ya kwanza niliyakinga chini ya bati. Chai ilinukia vumbi na kutu. Nikayamwaga. Mvua iliyofuata nikaiacha inyeshe robo saa ioshe anga, kisha nikatoa sufuria juu ya meza katikati ya uwanja, mbali na bati na mti. Jirani aliniuliza kama bomba limekatika.

Kipimo kilisoma 9. Na hapa palikuwa na somo ambalo sikulitarajia: maji safi kupita kiasi nayo hayafai. Harufu ilikuwa juu, wazi, lakini mdomoni palikuwa patupu, na ukingo wa ulimi ulihisi ukali kidogo. Chai inahitaji chumvi kidogo za kuishikilia. Nikachanganya nusu kwa nusu na yale ya chupa ya 65, nikapata kama 37. Tangu hapo sijabadilisha. Harufu imebaki, na unywaji umekuwa na mwili.

Kama mradi mzima ungebidi kupunguzwa hadi ukurasa mmoja, ningeuacha huu. Chai ya bei nafuu kwenye maji haya imeishinda chai ghali kwenye maji ya bomba, tena kwa mbali.

6 Aprili 2025: Iliki

Idd imepita, na pamoja nayo gramu 40 za chai, thamani ya kama 17,000.

Pakiti kubwa ilikuwa kwenye kabati la jikoni, imefungwa kwa kibanio, kwenye rafu moja na viungo vya pilau. Wiki ile iliki na mdalasini vilitwangwa hapohapo kwa ajili ya sikukuu. Nilipokuja kufungua, Bai Mudan ilikuwa chai ya msiba: iliki mwanzo, iliki mwisho. Gramu 15 zimesalimika kwa kuwa nilikuwa nimeziweka chumbani kwenye kopo la bati.

Nilijaribu kuzitibu zile 40. Kuzitandaza kwenye karatasi usiku kucha kulipunguza kidogo. Kuzipasha kwenye sufuria kavu, moto mdogo kabisa, kulitoa iliki zaidi, lakini kulitoa na hicho kidogo cha maua kilichokuwa kimebaki, na mahali pake pakaja harufu ya mkate uliookwa. Nimeziacha. Zinanyweka kwa maziwa, jambo ambalo mpenzi wa chai nyeupe hapaswi kulisoma.

Marekebisho: kopo la bati lenye mfuniko mgumu, ndani yake mfuko wa foili, mbali na jikoni, mwanga, sabuni na nguo zilizofukizwa. Kwa walio pwani, adui wa ziada ni unyevu. Gawa chai kwenye mifuko midogo ili usifungue yote kila siku.

Tabia hiyo ya jani kavu kunyonya harufu ndiyo iliyolilisha jiji la Fuzhou, kusini mwa Fuding, ambako chai hulazwa na maua ya asumini mpaka iichukue. Utaratibu wao wa asumini na chai uliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2014. Kwangu imetokea kwa bahati mbaya na kwa kiungo kisicho chake. Nimeliandika pembeni la kujaribu kwa makusudi.

11 Mei 2025: Pua haina majina

Maji yametulia, joto limetulia, chai inanukia. Tatizo lililobaki ni langu. Kwenye daftari nimeandika «nzuri», «maua», «nzuri tena». Huko si kuonja.

Maelezo ya Wachina na Wazungu yanataja mudan wenyewe, okidi, na maua mengine ambayo sijawahi kuyanusa. Nikajiuliza kwa nini nihangaike na maua ya watu wakati mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu wanawake wamekuwa wakitofautisha harufu za kikuba, lile shada dogo la maua ya kunukia wanalojipamba nalo, tangu kabla sijazaliwa. Nikampigia shangazi. Akanitumia kwa basi furushi la jani la mgomba: asumini, langilangi, vilua viwili, rehani, na kichupa cha marashi ya waridi. «Na wewe mwanaume unataka kikuba cha nini?» Nilimjibu ni cha chai. Akakata simu.

(Waridi niliomba la marashi kwa sababu. Arusha ina mashamba ya mawaridi ya kusafirishwa Ulaya, lakini mengi yamezalishwa yadumu kwenye chombo cha maua, na ukiyanusa hupati kitu.)

Vichupa vya mifuniko, 6,000. Kila ua kwenye chake, namba chini yake, mke wangu akivichanganya nami nimefumba macho. Siku ya kwanza nilichanganya asumini na langilangi. Baada ya wiki ya kurudia asubuhi na jioni, kwa maua yaliyokuwa yakizidi kufifia, sikuchanganya tena. Ndipo nikaigeukia chai, na nikainusa kwa mpangilio: jani kavu, jani likiwa ndani ya gaiwan tupu iliyopashwa moto, bila maji, mfuniko mara tu baada ya kumimina, chai mdomoni, ukiivuta kwa sauti pamoja na hewa ili harufu ipande nyuma ya pua, na mwisho finjani tupu ikishapoa. Ya mwisho watu huiruka, na kwenye Bai Mudan ndipo penye asali.

Matokeo kwa chai hii. Gaiwan ya moto: nyasi kavu na tikiti lililoiva. Mfuniko wa kwanza: asumini kwa mbali, bila ule uzito wake wa usiku. Mfuniko wa tatu: waridi, wazi kabisa, yaani marashi yaliyochanganywa na maji mengi. Langilangi sikuipata popote. Kilua nilikisikia mara moja nikadhani ni tamaa.

Si mazingaombwe. Linalooli, iliyomo kwenye asumini na langilangi na hata kwenye mbegu za giligilani, imo pia kwenye jani la chai. Geranioli ya waridi vilevile. Kwenye jani bichi sehemu kubwa ya kemikali hizi imefungwa na sukari, haina harufu. Jani linaponyauka, vimeng'enya hukata kifungo hicho na harufu huachiwa. Zile saa nyingi kwenye ungo ndizo zinazolitengeneza ua.

Ili nisijidanganye, Jumamosi nilikusanya majirani sita kwa mtihani wa pembetatu. Kila mmoja anapewa finjani tatu, mbili za aina moja na moja tofauti, bila kuambiwa. Aseme ipi imejitenga. Kwa kubahatisha mtu hupata moja kati ya tatu, kwa hiyo kwenye watu sita nahitaji watano wapatie ndipo nisadiki. Maji ya bomba dhidi ya mchanganyiko wa mvua: watano wamepatia. Nyuzi 85 dhidi ya 95: watatu tu. Kwa hiyo makala ndefu niliyotaka kuandika kuhusu joto naiweka kando. Tofauti ninayoisikia huenda ni ya kwangu peke yangu.

Mmoja wao alikunywa finjani nyingi jioni ile akiamini chai nyeupe haina kafeini. Amelala alfajiri. Vichipukizi vina kafeini ya kutosha, na mara nyingi huwa nayo zaidi kuliko majani yaliyokomaa.

14 Juni 2025: Asumini kwa makusudi, Tanga

Nimekuja kwa Idd el-Haji, nikaja na Bai Mudan ya daraja la chini, ya vuli, gramu 100 kwa 18,000, maana sikutaka kuijaribia chai nzuri. Asumini ya uwanjani kwa shangazi ni Jasminum sambac, aina ileile inayotumika Fuzhou.

Jaribio la kwanza limeoza. Maua yalichumwa asubuhi, yameshachanua na yana umande. Gramu 20 za chai, gramu 20 za maua, chombo cha plastiki, mfuniko umekazwa, mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Ndani palipata joto, maua yakawa kahawia, chai ikalowa na kunuka majani yaliyochemshwa. Imetupwa.

Shangazi alitazama, akasema asumini ya asubuhi imekwisha toa yake, kilichobaki ni ganda. «Lichume likiwa limefumba, alasiri, jua limekausha. Lenyewe litafumbuka usiku, ndipo linaponukia.» Ndivyo wanavyofanya Fuzhou pia: matumba huchumwa mchana, husubiriwa yafunguke jioni, ndipo yanapochanganywa na chai.

Jaribio la pili: matumba ya saa kumi alasiri, yametandazwa kwenye ungo. Saa mbili usiku yalianza kufunguka. Nikachanganya na chai safu kwa safu kwenye bakuli, juu kitambaa cha pamba kilicholegea. Saa sita usiku nikatia mkono katikati, pana joto; nikamwaga yote kwenye ungo yapoe, nikarudisha. Alfajiri nikapeta maua yote nje. Chai inakuwa na unyevu kwa sababu imekunywa maji ya maua, na ukiihifadhi hivyo itaota ukungu. Hivyo nikaikausha kwenye ungo juu ya jiko la mkaa lililofunikwa majivu, karibu saa nzima, nikigeuza kila mara, mpaka kikonyo kikavunjika kikiminywa. Usiku uliofuata nikarudia kwa maua mapya. Chai za daraja la juu za Fuzhou hurudiwa mara nyingi zaidi ya hapo.

Maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka mto Zigi kwenye milima ya Amani, yalisoma 110 na yalifaa bila kuchanganywa.

Imetoka chai ya kupendeza, na nyumba nzima imeipenda, shangazi akitia sukari. Hukumu yangu: kwa kufurahia wageni, hii. Kwa kujifunza kuonja, hapana. Asumini imekaa mbele ya kila kitu tangu mfuniko wa kwanza hadi wa mwisho, na waridi la mfuniko wa tatu halionekani tena. Ndiyo sababu inafaa majani ya daraja la chini, na kutia maua kwenye chai nzuri ya machipuo, yaani ya majira ya kuchipua, naona ni hasara.

20 Julai 2025: Fuding na Zhenghe, chai mpya

Chai ya machipuo ya mwaka huu imefika, gramu 50 za Fuding na gramu 50 za Zhenghe, zote Bai Mudan, jumla 46,000. Fuding ipo pwani ya kaskazini-mashariki ya Fujian, chini ya mlima Taimu. Zhenghe ipo bara, juu zaidi. Aina za michai nazo hutofautiana: Fuding Dabai na Fuding Dahao upande mmoja, Zhenghe Dabai upande wa pili.

Kwa macho: ya Fuding ina vichipukizi vinene na malaika mengi, rangi ya kijani iliyopauka. Ya Zhenghe ni nyeusi zaidi, majani marefu, mchanganyiko wa kijani na kahawia. Nilidhani iliyopendeza macho ndiyo itakayoshinda.

Fuding, maji ya 37, mchemko, sekunde 20: tango, maziwa mabichi kwa mbali, utamu safi. Ua lipo kwenye mfuniko wa pili, asumini nyembamba, likiondoka upesi. Zhenghe: mfuniko wa kwanza tu, langilangi. Ile niliyoikosa Mei. Nikamwita mke wangu anuse bila kumwambia kitu, akasema, «Kikuba cha shangazi.» Waridi lilikuja kwenye maji ya pili na kukaa hadi ya tano, na finjani tupu ilinukia asali hata baada ya kusahauliwa mezani. Ukakasi wake ni mkubwa kuliko wa Fuding. Ukipitisha sekunde 40 kwenye maji ya kwanza utaujutia.

Anayetaka harufu ya maua aombe Zhenghe kwa jina, tena ya machipuo. Anayetaka utamu na ulaini achukue Fuding. Wauzaji wengi huandika «Fujian» tu, waulize wilaya.

Hesabu hadi leo: chai ya kwanza 42,000, gaiwan 9,000, mizani 22,000, kipimajoto 15,000, kopo la manukato 28,000, kipimo cha chumvi 18,000, maji ya chupa 24,000, vichupa 6,000, chai ya kulazia maua 18,000, chai mpya 46,000. Jumla 228,000. Anayefuata anaweza kuacha kopo, kipimajoto na vichupa, anunue Zhenghe tangu mwanzo, na akipata maji ya mvua atatumia chini ya nusu ya hizo.

Mvua zimekatika tangu mwisho wa Mei, na dumu la maji niliyoyakinga linakaribia kwisha. Hatua itakayofuata ni kuchuja maji ya bomba kwa mkaa wa mifupa kisha kuyachanganya na ya chupa. Floraidi najua itapungua. Kama baikaboneti nayo itapungua vya kutosha kwa Bai Mudan, kipimo na kikombe vitasema, nami nitaandika.